Rili ya Vidole Vitatu

Mzee aliingia dukani amekumbatia sanduku jeusi kama aliyebeba mtoto mgonjwa, akaliweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa vya abaya. Masta hakupenda. Masta ndiye mkata nguo wetu, Mpakistani mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na meza ile hataki iguswe na mtu.

"Hapa tunashona nguo tu," akamwambia.

"Najua," mzee akajibu. "Sanduku langu halina nguo. Ndiyo maana nimekuja."

Akalifungua. Sikujua siku hiyo kwamba kitu kilichokuwa ndani kinaitwa mandolini. Niliona kama gitaa lililokataa kukua, lenye tumbo la mviringo, shingo fupi, na nyuzi nane zilizokaa mbili mbili. Bitana ya sanduku ilikuwa mahameli nyekundu, imechakaa mpaka mbao zikachungulia, na kila alipolinyanyua ile mandolini ilicheza ndani ikagonga kuta. Masta alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akacheka.

"Sista, hii kazi yako. Wewe ndiye unapenda vitu vigumu."

Ni kweli napenda. Nimezaliwa Njombe, kwenye baridi na viazi, na ushonaji nilifundishwa na masista wa misheni ambao walikuwa wakifumua mshono wangu mzima kwa kosa la pindo moja. Kwenye misheni hiyo hiyo nilifundishwa kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nilipokuja Dubai kushona katika duka hili la Satwa, ushonaji ndio ulionilisha, na kuimba nikakuacha kukae pembeni. Kanisani nilienda nilipopata nafasi, lakini kwaya inataka mazoezi, na cherehani haimpi mtu ruhusa ya mazoezi.

Bitana ile niliikata upya kwa mahameli ya bluu iliyobaki kwenye gauni la harusi. Nilitia sponji chini yake, nikashona pembe kwa mkono. Mzee alipokuja kulichukua, aliiweka mandolini ndani, akafunga, akalitikisa sanduku karibu na sikio lake. Kimya. Akafungua tena, akaketi kwenye kiti cha wateja, akapiga.

Ulikuwa muziki wa mbio, unazunguka na kurudi ulikotoka kama watoto wanaofukuzana kuizunguka nyumba. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Masta aliisimamisha pasi wima. Mzee alipomaliza nilimuuliza ni muziki gani.

"Ni rili," akasema. "Ngoma ya kuchezea ya watu wa Ireland na Uskoti. Ya zamani sana, hata aliyeitunga hajulikani."

"Umejifunzia huko?"

"Nimejifunzia sebuleni kwangu, mtaa wa nyuma hapo."

Alikuwa mwalimu wa muziki kutoka Goa, miaka mingi yupo hapa. Alipokuwa akifunga sanduku, mimi nilikuwa nimesharudi kwenye pindo langu, na bila kujijua nikawa naimba ile rili chini kwa chini kwa do-re-mi za kwaya. Akasimama mlangoni.

"Imba tena," akasema.

Nikaimba. Sehemu ya kwanza nilikuwa nayo karibu yote; ya pili nilipotea.

"Ijumaa asubuhi mnafungua?"

"Hapana, mpaka baada ya sala."

"Basi njoo nyumbani. Mke wangu atakuwepo, usiogope."

Ndivyo nilivyoanza. Kila Ijumaa asubuhi nilitoka International City, mtaa ninaoishi, kwa basi, nikapanda metro, kisha basi jingine hadi Satwa, nikaketi kwenye kochi la Mwalimu huku mkewe akikaanga samaki jikoni. Mwalimu alinifundisha mkono wa kulia kwanza: namna ya kushika kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, chini, juu, chini, juu, bila kukaza kifundo. Kisha mkono wa kushoto: kidole cha kwanza hapa, cha kati hapa. Ncha za vidole ziliniuma mpaka nikashindwa kuchomeka uzi kwenye sindano. Nikikosea mara nyingi, Mwalimu aligeuka mkali, na mkewe alipiga kelele kutoka jikoni, "Mwache mtoto apumue!" Kisha tulikula. Sijawahi kuondoka nyumba ile na njaa.

Watoto wao walipowaita warudi Goa wakapumzike, nilidhani mambo yangu na mandolini yamekwisha. Lakini siku ya mwisho Mwalimu alinikabidhi mandolini yake ya pili, ile aliyokuwa akifundishia, pamoja na nyuzi za akiba. Halafu akachukua simu yangu akaniingiza kwenye kundi moja la mtandaoni.

"Hawa ndio watakaokufundisha sasa," akasema. "Hakuna bingwa humu. Wote ni wapenzi tu, kama mimi na wewe."

Kundi lenyewe ni hivi. Watu wa nchi mbalimbali wanaopiga mandolini kwa kupenda, si kwa riziki. Kila mwezi unachaguliwa wimbo mmoja, mara nyingi rili ya zamani isiyo na mwenyewe. Kila mmoja anajifunza kivyake, anajirekodi kwa simu, anauweka pale wenzake wausikilize. Kuna daktari wa meno, kuna dereva wa basi, kuna mama wa mapacha ambaye kila rekodi yake imeingiliwa na kilio. Anayeliongoza ni mama mmoja muuguzi wa wanyama, na ana sheria moja tu: ni marufuku kuomba radhi kabla ya kupiga. Wanaandika kwa Kiingereza, na mimi nasoma taratibu. Wao wanajifunza kwa namba zinazoonyesha mahali pa kubonyeza. Mimi nasikiliza, naandika do-re-mi kwenye karatasi ya kukatia mitindo, naibandika ukutani juu ya kitanda.

Ukuta wenyewe si wangu peke yangu. Chumba tunakaa wawili, mimi na Mkenya mmoja kutoka Nyeri, mlinzi kwenye duka kubwa la biashara, na vyumba vingine vya nyumba hiyo vina wapangaji wao. Siku ya kwanza niliyopiga, alikuwa amelala chini ya shuka. Akatoa kichwa.

"Kwani umeleta mbu kwa nyumba?"

"Ni mandolini, dada."

"Hiyo mandolini yako iende balkoni. Mimi nataka kulala."

Nikahamia kwenye roshani, kati ya nguo zilizoanikwa na mashine za viyoyozi zinazovuma. Nilipiga huko miezi kadhaa. Halafu siku moja alifungua mlango wa roshani akiwa na kikombe mkononi, akasema, "Mimi hata sijui hizo vitu, lakini hapo mwisho unakosea. Jana ulikuwa unaenda hivi." Akaiimba. Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nilirudi ndani.

Kwenye kundi kulikuwa na mzee mmoja niliyempenda kuliko wote. Hakuweka picha yake. Mahali pa sura palikuwa na duara la kijivu tu. Wengine walijionyesha kwa video, yeye alituma sauti peke yake. Lakini sauti ile! Rili ya mtu huyo haikukimbia wala haikuvuta miguu. Kila noti ilikuwa na nafasi yake, na mahali fulani aliacha pengo dogo ambalo mwili wako mwenyewe ulilijaza. Rekodi zangu alizisikiliza zote, na daima aliandika neno moja au mawili: "Vizuri." "Punguza haraka." Neno "vizuri" la mtu yule nililibeba wiki nzima.

Kisha nikaumia.

Zilikuwa wiki za kuelekea Idi, kazi imetuzidi, na mimi nilikuwa napitisha shifoni laini inayoteleza. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, kupitia ukucha hadi upande wa pili, na mashine ikakwama hapo hapo. Sikuweza hata kupiga kelele. Masta alifika kabla ya mtu mwingine. Alizima umeme, akashika gurudumu la mashine kwa mkono.

"Sista, usiangalie hapa. Angalia mlango. Niambie nani anapita barabarani."

"Mtu na baiskeli," nikasema. "Mama na mtoto…"

Akazungusha gurudumu pole pole, sindano ikapanda, kidole kikatoka. Ncha ya sindano ilikuwa imevunjikia ndani. Akakifunga kwa kitambaa safi, akaniingiza kwenye gari lake na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akanipeleka kliniki na kukaa nami hadi mwisho, katika msimu ambao kila saa yake ilikuwa na wateja wanaomsubiri. Arbab, mwenye duka, alinipigia jioni. Nilitegemea aniulize nitarudi lini. Akasema, "Pona kwanza. Kiti chako kipo."

Kidole kilitunga usaha, kikapona, kikatunga tena. Kilipopona kabisa kilikuwa kimenyooka kama rula. Daktari alieleza kwamba mshipa unaokunja kiungo cha juu umeharibika. Kushona nitaweza, akasema, na kweli niliweza. Baada ya muda mfupi nilizoea kusukuma kitambaa kwa vidole vingine. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa moyo wote. Halafu nikafika nyumbani, nikaitoa mandolini, nikajaribu kubonyeza uzi kwa kidole kile. Kidole kilizilalia hata nyuzi za jirani na sauti ikatoka kama mtu anayekohoa. Kidole cha shahada ndicho kinachofanya kazi kubwa kwenye mandolini. Bila hicho ni kama kusuka ukili kwa mkono mmoja.

Nililia. Na niliona aibu kulia, kwa sababu riziki yangu ilikuwa salama na nilichokuwa nakililia kilikuwa burudani tu. Mwenzangu Mkenya alinikuta hivyo. Hakusema pole. Alikaa ukingoni mwa kitanda akavua buti zake.

"Ulie tu," akasema. "Hiyo ilikuwa yako. Hakuna mtu alikupea na hakuna mtu alikulazimisha. Hata mimi ningelia."

Mwezi mpya ulipoanza, rili mpya ilitangazwa. Niliisikiliza mara moja nikaipenda, ndipo nikaandika kwenye kundi: nawashukuru wote, kidole changu hakikunji tena, sitaweza kupiga, ila nitaendelea kuwasikiliza. Pole zilimiminika kutoka kila upande. Nilizisoma zote kwenye basi, nikazima simu.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, niliifungua nikakuta video kutoka kwenye lile duara la kijivu. Nilidhani nimekosea. Hakuwahi kutuma video.

Sura haikuonekana. Ilionekana sweta ya kahawia, mandolini ya zamani, na mkono wa kushoto wa mzee. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka, hakigusi chochote. Cha mwisho, kile kidogo, kilikuwa kimekatika nusu. Kwa vidole viwili vya katikati mzee yule alipiga rili nzima, sehemu ya kwanza mara mbili, sehemu ya pili mara mbili, kwa sauti ile ile niliyoijua. Na hapo nikaona lile pengo nililolipenda lilikotoka. Palikuwa ni mahali ambapo mkono wake haukuweza kufika.

Chini yake ameandika: "Mashine ya kukata majani, nilipokuwa kijana. Sikutaka mtu anisifu kwa sababu ya mkono, ndiyo maana sikuuonyesha. Wewe una vidole vitatu, unanizidi. Kidole cha kati kichukue kazi ya cha kwanza, na mkono wote usogee. Pasipofikika, acha noti. Wanaoicheza ngoma hawatagundua. Anza polepole."

Niliitazama video hiyo nimesimama kwenye kona ya duka, sambusa mkononi haijaumwa. Masta aliuliza kuna nini. Nikampa simu. Akaitazama yote, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Yalla," akasema. "Basi fanya hivyo."

Kusema ni rahisi. Kidole cha kati kilikuwa na mazoea yake ya siku zote; nikikiambia kiende hapa kilienda kule. Mkono wote ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nilianza noti moja moja, kama nilivyokuwa kwenye kochi la Mwalimu, na kila siku nilituma kwa mzee kipande kidogo. Alijibu kila kimoja. "Kidole gumba kimejificha, kitoe." "Leo ni bora." "Hapo uliacha noti nzuri kuliko niliyoacha mimi, nitakuiga." Mwenzangu naye alikuwa na maoni yake. "Bado iko slow," alisema, kisha baada ya siku chache, "Lakini sasa naisikia."

Siku ya kurekodi ilikuwa alasiri, yeye akijitayarisha kwenda kazini, ameshavaa sare. Nikamwomba anishikie simu. Akaiegemeza kwenye birika, akatoka kwenda ukumbini, na nikamsikia akiwaambia wapangaji wa vyumba vingine kwa ile sauti yake ya kazini:

"Hakuna kupita hapa. Kuna rekodi inaendelea. Maji mtachota baadaye."

Akarudi akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Mwanzoni mwa ya pili kidole kiliteleza, na nilikuwa karibu kuacha, ndipo niliposikia buti lake likigonga sakafu, gu, gu, gu, kwa mwendo wangu hasa. Alikuwa anatazama mbele tu, uso wa lindo. Nikaushika mwendo wa buti nikaendelea hadi mwisho.

Niliituma vile vile. Majibu ya kwanza yote yaliuliza kitu kimoja: "Nani anapiga mguu?" Nikaandika kwamba ni mlinzi, na kwamba ni mlinzi kweli, wa sare. Walicheka sana. Mama wa mapacha aliuliza kama anakodishwa.

Mwisho wa mwezi, desturi ni kwamba yule mama muuguzi huunganisha rekodi zote ziwe wimbo mmoja. Kwa kawaida hufuata mwendo wa wale wenye kasi, na wanaochelewa huachwa nje au husikika kidogo tu. Nilijua rekodi yangu haiwezi kuingia. Ilikuwa polepole mno. Sikuwa na kinyongo. Kupiga tu kulinitosha.

Wimbo ulipotumwa nilikuwa kwenye basi la kutoka kituo cha metro, limejaa, nimesimama. Nikaweka visikilizio. Kwanza nikasikia kiyoyozi chetu. Halafu mandolini yangu, peke yake, sehemu yote ya kwanza. Kisha buti. Kisha mandolini ya pili ikaingia, na ya tatu, na zote zilikuwa zikienda kwa mwendo wangu. Si kasi ile waliyokuwa wameituma mwanzoni mwa mwezi. Nikasoma maelezo yake huku macho yananisumbua: "Niliwaomba wote warekodi upya kwa mwendo wa mwenzetu wa Dubai. Wote wamekubali. Daktari wa meno anasema ndiyo mara ya kwanza ameisikia rili hii vizuri." Mwishoni kabisa wengine walinyamaza na tukabaki wawili, mimi na mzee, vidole vyake viwili na vyangu vitatu.

Nilicheka kwa sauti ndani ya basi. Mama wa Kifilipino aliyekuwa ameketi mbele yangu alinitazama, akaona na machozi, akanisogezea mfuko wake nikae ukingoni mwa kiti. Sikuweza kumweleza. Nilimpa kisikilizio kimoja. Akasikiliza mpaka kituo chake, akakirudisha, akanigusa bega na kushuka.

Nilimtumia Mwalimu huko Goa. Akajibu kwa sauti, na nyuma yake nilimsikia mkewe akiuliza kama nakula vizuri. "Binti, nimefurahi kupita kiasi," Mwalimu alisema. "Ila bado unaikimbilia sehemu ya pili." Ni kweli, naikimbilia.

Nilitaka kumshukuru mzee wa duara la kijivu kwa sauti yangu mwenyewe. Nilimwandikia kuomba nimpigie simu ya video, akachukua siku kadhaa kukubali. Nilikuwa nimejitayarisha maneno ya Kiingereza, nimeyapanga vizuri na kuyarudia njiani. Ijumaa asubuhi nikapiga. Alitokea mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, ameketi jikoni, ana haya kuliko mimi. Aliniuliza hali ya hewa. Nikasema joto. Akasema kwake mvua. Tukatazamana. Nikaanza hotuba yangu, na nilipofika katikati alikuwa ameinamisha kichwa, anakuna meza kwa kile kidole kilichonyooka.

"Niambie," akanikatiza, taratibu. "Kinakuuma kwenye baridi?"

"Dukani," nikasema. "Kiyoyozi kikiwa kikali. Kinauma hadi kwenye kiwiko."

"Changu pia. Kiweke kwenye maji ya moto kabla ya kupiga. Si moto sana. Hesabu mpaka uchoke, halafu kikaushe vizuri, ndipo ushike mandolini."

"Sawa, babu," nikasema. Kiswahili kilinitoka chenyewe.

"Hiyo maana yake nini?"

Nikamweleza. Akasema kwamba birika lake linachemka, akaniomba nisubiri alitoe.